Glavu ya Mfyekaji: Uchambuzi wa Kinga ya Mkono mbele ya Mimea Yenye Sumu

Katika Berega, kijiji cha Wakaguru kilichomo wilayani Kilosa, katika nchi ya milima ya Ukaguru na si mbali na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, kiangazi kinapokaribia ukingoni na kila mwenye shamba akawa anatazama mawingu kungojea mvua za kwanza, hapana kazi inayotangulia kazi ya kufyeka: panga hunolewa, fyekeo hutiwa mpini mpya, na watu huingia katika vichaka vilivyoota tangu masika yaliyopita ili kuitoa ardhi katika milki ya magugu na kuirudisha katika milki ya jembe. Wengi huingia mikono mitupu. Akiulizwa sababu, mfyekaji hujibu ama kwamba mikono yake imekwisha kuwa sugu, ama kwamba glavu alizonunua mwaka jana hazikumaliza wiki. Na katika majibu hayo mawili la kwanza ni kosa la elimu, kwa kuwa usugu wa kiganja hauzuii sumu, na la pili aghalabu ni kosa la uchaguzi, kwa kuwa glavu ile pengine haikuwa mbovu, ila ilipewa kazi isiyoundiwa.

Makala haya yanakusudia kulipima swali hilo kwa utulivu: mtu afyekaye mimea yenye sumu achague glavu gani, na neno kudumu lina maana gani katika uchaguzi huo. Rai yangu, ambayo nitajaribu kuithibitisha, ni kwamba udumu wa glavu ya kazi hii haupimwi kwa ugumu wa kitu kilichoiunda, kama wanunuzi wengi wanavyodhani, bali kwa muda inaoweza kukaa safi upande wa ndani. Glavu ngumu iliyokwisha kunywa sumu ni mbaya kuliko mkono mtupu, maana mkono mtupu huoshwa jioni, ilhali glavu ile hutundikwa ukutani na kuvaliwa tena kesho.

Sumu na mlango wake

Wanaozungumza juu ya glavu hukosea pale wanapoanza na glavu. Sharti kuanza na mmea, kwa sababu sumu za mimea haziingii mwilini kwa mlango mmoja, na kinga iliyofunga mlango huu huenda ikauacha ule wazi kabisa.

Mlango wa kwanza ni wa sindano, na mwenye mlango huo ni upupu. Mmea huu utambaao juu ya miti na juu ya mabua ya mahindi yaliyosahauliwa, ambao wataalamu huuita Mucuna pruriens, hubeba maganda yaliyovikwa vinyweleo vya rangi ya hudhurungi, laini kwa macho kama mahameli. Walakini kila kinyweleo ni sindano, na ganda likisha kukauka, pigo moja la fyekeo au upepo wa alasiri hutosha kuzirusha sindano hizo maelfu kwa maelfu. Ni nadra mtu aliyepita shule katika nchi yetu asiyeujua mzaha wake mbaya. Mwaka 1955 wataalamu wawili wa Marekani, Walter Shelley na Robert Arthur, walieleza kwamba muwasho ule hauletwi na mchomo peke yake, bali na kimeng'enya cha kuyeyusha protini kilichomo ndani ya kinyweleo, nao wakakiita mukunaini. Kwa mwenye kuchagua glavu, maana yake ni hii: adui huyu ni mkavu kama unga, hana utomvu wa kutona; hashindwi kwa unene wa glavu bali kwa ulaini wa uso wake, kwa sababu kila kitambaa chenye nyuzi na vijitundu humpa mahali pa kujishikiza, na hapo huungojea mkono mpaka kesho yake.

Mlango wa pili ni wa maziwa. Mnyaa, ambao watu wengi huupanda uwe ua wa boma na alama ya mpaka, ukikatwa hutoka mara moja maziwa meupe tele, nayo huunguza ngozi laini na, yakirukia jicho, hutia maumivu makali yawezayo kufuatwa na ukungu wa macho kwa siku kadhaa. Ndugu zake wenye miiba na umbo la kinara, wale waotao penye mawe, wana maziwa ya tabia hiyo hiyo. Maziwa haya yana hila moja: yakikauka hugeuka gundi, na gundi hiyo ikishika kwenye glavu haitoki kwa maji matupu. Jirani wa mlango huu ni mkonge, mmea ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida, ambao miche yake sitini na miwili tu ndiyo iliyofika hai, kisha ukaenea hata nchi tambarare za Kilosa na Kimamba zikawa za mashamba yake. Jani la mkonge lina mwiba nchani, na katika maji yake mna chembe ndogo zilizochongoka kama sindano ambazo huuwasha mkono uliolowa; kwa hiyo anayeng'oa mkonge uliogeuka mwitu hupambana na mchomo na utomvu kwa wakati mmoja, na glavu ya kukinga kimoja tu haimfai.

Mlango wa tatu ni wa mafuta, nao ni wa siri kuliko yote. Wabanguaji wa korosho wa Mtwara na Lindi wanayajua mafuta meusi ya ganda yanayochubua vidole na kuvitia weusi, na ndiyo maana tangu zamani hupaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kushika kazi. Mkorosho na mwembe ni wa aila moja, na katika aila hiyo hiyo umo mtambaazi wa misitu ya Marekani ambao mafuta yake, urushioli, huwatoa malengelenge watu wengi kila mwaka katika nchi ile. Huko imejulikana jambo ambalo sisi pia yafaa tulijue: glavu nyembamba za mpira wa asili haziyazuii mafuta hayo, kwa kuwa huyeyuka ndani ya mpira wenyewe na kuupenya pasipo tundu lolote, ilhali plastiki nzito huyazuia. Basi glavu yaweza kuwa nzima machoni na imekwisha kushindwa.

Mlango wa nne ni jeraha na jicho. Msunguti, mti uliotumiwa na wawindaji wa Afrika ya Mashariki kupikia sumu ya mishale, una sumu ya moyo iitwayo ouabaini, iliyotengwa na Mfaransa Arnaud mwaka 1888. Sumu hiyo haipiti kwa urahisi katika ngozi nzima, lakini mkwaruzo wa mwiba au mkato wa panga ni njia iliyokwisha kufunguliwa. Mnanaha, gugu liotalo penye samadi na karibu na mazizi, haliuchomi mkono kabisa. Lakini mkono uliolishika ukipangusa jasho jichoni, mboni hupanuka na mtu hushinda akiona kiwi. Hapo glavu haikukusudiwa kuuhifadhi mkono, bali kuuhifadhi uso usiguswe na mkono wenye sumu.

Mlango wa tano ni wa mazoea. Gugu karoti, lenye maua meupe madogo, ambalo India ilianza kuteseka nalo katikati ya karne ya 20 na ambalo liliripotiwa Arusha mwaka 2010, huweza kushikwa leo na kesho bila kuonyesha dhara lolote. Kisha, baada ya siku nyingi za kugusana nalo, mwili wa mtu hulikataa, ngozi ikajaa ukurutu, na kwa wengine pumzi ikabana. Aliyekwisha kupata mzio huo aghalabu hauachi tena. Gugu hili hupenda kusafiri kando ya barabara pamoja na magari, mchanga na mifugo, na kijiji kilicho karibu na njia kuu kina sababu ya kulitazamia. Katika mlango huu anayesema "mimi halinidhuru" anasema kweli ya leo tu, na glavu hupaswa kuvaliwa kabla haijahitajika.

Vitu vinavyoundiwa glavu

Yafaa kukumbuka kwamba glavu ya mpira, ambayo leo twaihusisha na daktari anayejikinga na mgonjwa, ilizaliwa kwa haja iliyo karibu zaidi na ya mfyekaji. Katika majira ya baridi ya 1889 na 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, muuguzi Caroline Hampton alikuwa akichubuka mikono kwa dawa ya zebaki iliyotumika kusafishia. Na mpasuaji William Halsted akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Mwanzo wake, basi, ulikuwa ni ngozi ya mfanyakazi iliyokuwa ikiliwa na sumu ya kazi yake. Tangu siku zile vitu vya kuundia glavu vimeongezeka, na kila kimoja kina fadhila yake na aibu yake.

Pamba na nyuzi zilizofumwa, pamoja na zile zenye nukta za mpira kiganjani zinazouzwa kwa bei ya chini magulioni, zinafaa kubebea matofali na kushikia mpini wa jembe, lakini mbele ya mimea yenye sumu ni mtego: hunasa sindano za upupu, hunywa maziwa ya mnyaa, na hukaa na unyevu huo juu ya ngozi yenye jasho, ambayo ndiyo iliyo tayari zaidi kupokea sumu. Matumizi yake halali katika kazi hii ni kuvaliwa ndani ya glavu nyingine ili kunywa jasho, kwa sharti kwamba zifuliwe kila siku.

Ngozi ya mnyama ndiyo mfalme wa miiba. Ngozi ya ng'ombe hustahimili msuguano, ya mbuzi hunyumbulika na kuuachia mkono hisi yake, na zote mbili hupunguza ukali wa panga lililoteleza. Walakini ngozi ina vinyweo kama ngozi yetu sisi. Ikilowa utomvu huupeleka ndani, haioshwi kwa sabuni pasipo kuharibika, na ikikauka hukakamaa hata mvaaji akaona afadhali kuivua. Wahenga waliposema ngozi ivute ili maji walikuwa na mambo mengine nyoyoni, lakini kila aliyeiacha glavu ya ngozi juani baada ya kuilowesha anaifahamu methali hiyo kwa vidole vyake.

Mpira wa asili hunyumbulika kuliko vyote, hushika vema penye maji, huoshwa kwa urahisi, na uso wake laini humnyima upupu pa kujishikiza. Kasoro zake ni tatu: hauyawezi mafuta ya mimea wala mafuta ya taa, huchakazwa na jua hata ukapasuka kama tope lililokauka, na wako watu ambao mwili wao unaukataa mpira wenyewe. Plastiki nzito, ile ya glavu ndefu za rangi nyekundu au za kijani zinazovaliwa na wasafishaji, ni rahisi kwa bei na huyazuia mafuta mengi. Ila hushika vibaya mpini, na kwa miiba hutoboka upesi.

Nitraili ni mpira wa kiwandani uliobuniwa mahsusi ustahimili mafuta. Kwa kazi hii ndio wenye fadhila nyingi zaidi zikiwa pamoja: hukataa maziwa na mafuta, huoshwa kwa sabuni, uso wake ni laini, na hustahimili mchomo kuliko mpira wa asili wa unene ule ule. Lakini jina moja lisimdanganye mnunuzi. Nitraili ya zahanati, yenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, imekusudiwa kuvaliwa mara moja na kutupwa, na kichakani haifiki hata mti wa pili; ya kazi ina unene mara tatu, mara nne au zaidi. Tena kuna glavu nyingi zilizofumwa kwa nyuzi kisha zikachovywa nitraili kiganjani tu, mgongo wake ukabaki kitambaa; na kwa kuwa matone ya maziwa na vumbi la upupu huanguka kutoka juu, yaani juu ya mgongo wa mkono, glavu ya namna hiyo imefunga dirisha na kuacha mlango. Anayenunua nitraili na aigeuze aitazame mgongo kabla ya kutoa fedha.

Neno moja litoshe juu ya dawa za kuulia magugu, kwa kuwa wapo wanaofyeka kwa bomba la dawa badala ya panga. Hapo pamba na ngozi hazina nafasi kabisa: dawa huzinywa na kukaa ndani yake. Kinachofaa ni nitraili, au mpira mwingine wa kiwandani uitwao neoprini, isiyo na kitambaa kwa ndani, na maelekezo ya chupa yafuatwe kama hati, maana viuatilifu katika Tanzania vimo chini ya sheria na mamlaka yake, TPHPA, na maneno yaliyomo katika karatasi ya chupa hayakuwekwa kwa pambo.

Maana ya kudumu

Glavu hufa vifo vitatu. Hufa kwa kutoboka, na kifo hiki huonekana. Hufa kwa kukakamaa au kupasuka, na hiki husikika mkononi. Na hufa kwa kunywa sumu, na hiki hakionekani wala hakisikiki mpaka ngozi itoe habari. Mnunuzi wa kawaida huogopa kifo cha kwanza peke yake, kwa hiyo hukimbilia ngozi nene, akanunua maisha marefu dhidi ya mwiba na maisha mafupi mno dhidi ya utomvu.

Haifuati kwamba glavu ghali ndiyo yenye gharama. Tuseme kwa mfano tu kwamba jozi moja ya nyuzi ni shilingi 3,000 na inakufa baada ya siku 6 za kufyeka, na jozi ya nitraili nene ni shilingi 15,000 na inadumu siku 60. Ya kwanza imemgharimu mtu shilingi 500 kwa siku, ya pili shilingi 250. Na katika hesabu hiyo hatujatia bei ya marhamu wala siku za kulala nyumbani kwa mikono iliyovimba. Lakini hesabu hiyo ina sharti: ile nitraili iishi siku 60 kweli, na maisha hayo yanategemea mambo matatu, nayo ni kipimo, urefu na mshono.

Kipimo hupatikana kwa kuzungusha utepe penye upana wa kiganja, bila kidole gumba. Mkono wa sentimita 18 kwa kukadiria ni nambari 7, wa sentimita 20 ni nambari 8, wa sentimita 23 ni nambari 9. Glavu kubwa hupindana kiganjani, hutia malengelenge, na vidole vyake vitupu hunaswa na matawi hata ikachanika kabla ya wakati. Glavu ndogo huvutika na kupasuka kati ya vidole. Dhuluma ya kimyakimya katika maduka yetu ni kwamba glavu nyingi ni za mkono mkubwa wa kiume, ilhali sehemu kubwa ya kupalilia na kufyeka hufanywa na wanawake. Na mwanamke aliyepewa nambari 10 atakuwa ameivua kabla ya saa nne ya asubuhi, wala lawama si yake.

Urefu nao usipuuzwe. Glavu ikomayo kifundoni huacha wazi sehemu ya ndani ya mkono, ambapo ngozi ni laini na ambapo maziwa ya tawi lililoinuliwa hutiririkia. Anayefyeka mimea yenye sumu anahitaji ile ifikayo katikati ya mkono au karibu na kiwiko. Tena mshono kidogo ni bora kuliko mshono mwingi: kila tundu la sindano ya cherahani ni njia ya utomvu, na glavu iliyochovywa kipande kimoja haina njia hiyo.

Kwenye glavu za viwandani mtu huona alama na tarakimu, na ni haki ajue zinasema nini na zinanyamaza wapi. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 388 huandika tarakimu nne kwa mfuatano: msuguano, kukatwa, kuchanika na kutobolewa, na kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo glavu ilivyostahimili; tangu mwaka 2016 tarakimu hizo zaweza kufuatwa na herufi ya jaribio jingine la kukatwa. Lakini jaribio lake la kutoboa hutumia kichomeo kinene kuliko mwiba wa mgunga, hivyo tarakimu nzuri si ahadi mbele ya mwiba mwembamba. Kipimo cha pili, EN ISO 374, ni cha kemikali: herufi A maana yake glavu ilizuia kemikali sita kwa dakika 30 au zaidi, B kemikali tatu kwa muda huo huo, C kemikali moja kwa dakika 10. Orodha ya kemikali hizo ina 18, kama asetoni, methanoli na magadi makali ya viwandani. Hakuna hata moja iliyo maziwa ya mnyaa wala mafuta ya korosho. Alama hizo, basi, ni ushahidi wa tabia ya glavu kwa jumla, si cheti cha kichaka cha Kilosa. Glavu isiyo na alama yoyote, hata jina la muundaji, haina ushahidi wowote.

Kwa kuwa hapana kitu kimoja kinachoweza miiba na utomvu kwa ukamilifu, waliozoea kazi penye vyote viwili hupanga kinga mbili: nitraili ndani, na ngozi juu yake iliyo kubwa kwa nambari moja. Ngozi huzuia mwiba usiifikie nitraili, na nitraili huzuia utomvu usiufikie mkono. Sharti la mpango huo ni moja, nalo ni kuihesabu ile ya ngozi kuwa najisi tangu siku ya kwanza: isivaliwe peke yake kamwe, isiingizwe ndani ya nyumba, wala isitumiwe kwa kazi nyingine.

Adabu ya kuvaa na kuvua

Glavu bora kwa mtu asiyejua kuivua ni fedha iliyotupwa. Katika kuvaa, kama kazi ni ya kuinama, mkono wa shati ufunike mdomo wa glavu ili matone yateremke nje. Kama kazi ni ya kukata juu ya kichwa, glavu iufunike mkono wa shati, na mdomo wake ukunjwe kidogo uwe kikombe cha kukinga kinachotiririka. Jasho la uso lifutwe kwa kitambaa kilichofungwa shingoni tangu asubuhi, lisifutwe kwa mgongo wa mkono; na simu, ambayo siku hizi huitwa na kuitika hata kichakani, isishikwe na glavu iliyofanya kazi, kwa kuwa baadaye itakwenda shavuni.

Katika kuvua, glavu ioshwe kwa maji na sabuni ikiwa bado mkononi, na maziwa yaoshwe kabla hayajawa gundi; kisha ivutwe kutoka kifundoni ikijigeuza, ioshwe na ndani, itundikwe kivulini vidole vikitazama chini. Jua huua mpira, na mafuta ya taa, ambayo wengine huyatumia kutolea gundi, huumaliza. Mpini wa panga nao uoshwe. Huu husahauliwa sana: mtu hujikinga kutwa nzima, kisha kesho yake alfajiri hulishika panga lile lile kwa mkono mtupu kwenda kulinoa, akapokea kiganjani maziwa ya jana yaliyokauka juu ya mti.

Mchuma janga hula na wa kwao, na katika jambo hili methali hiyo haina fumbo lolote. Sindano za upupu zilizonaswa katika glavu ya nyuzi huingia nyumbani zikalala juu ya kitanda, zikampata mtoto ambaye hakwenda shamba. Aliyepatwa nazo asijikune wala asisugue, kwa kuwa kusugua ni kuzizamisha. Abandike utepe wenye gundi na kuubandua, kisha aoge kwa maji mengi na sabuni. Aliyepatwa na maziwa ya mnyaa jichoni aoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha aende kwa tabibu bila kungojea kesho. Na Berega, alhamdulillahi, ina hospitali yake ya Kanisa Anglikana, ambayo vijiji vingi havina mfano wake. Kadhalika vilivyofyekwa visichomwe vikiwa vibichi karibu na watu: glavu haizuii moshi, na moshi wa mnyaa na wa mkorosho huwasha macho na kifua.

Nani anunue

Hadi hapa nimesema kana kwamba kila mfyekaji hununua kwa fedha yake. Kwa mwenye shamba lake ndivyo ilivyo. Lakini wapo vibarua wafyekao kwa ujira katika mashamba makubwa ya Kilosa, wapo wasafishao kandokando za barabara na za reli, na wapo wafanyao kazi katika hifadhi, kama ile ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa hawa wote Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imeweka wajibu wa vifaa vya kinga juu ya mwajiri, wala si haki kumkata kibarua thamani ya glavu katika ujira wake. Mwajiri anayetoa jozi moja ya nyuzi kwa msimu mzima ametimiza desturi, hakutimiza wajibu. Na msimamizi anayeita watu kwenye msaragambo wa kung'oa ua wa mnyaa shuleni, na watoto wakiwamo, bila kuuliza nani ana kinga, amechukua dhamana ambayo siku jicho la mtoto litakapoungua hataweza kuilipa.

Hukumu

Alhasili, glavu moja ya mimea yote haipo, na anayeiuza kwa jina hilo anauza jina. Kwa miiba mikavu, ngozi. Kwa upupu, uso laini wowote unaooshwa, pamoja na nguo ndefu na kufunika uso, kwa kuwa sindano zake huruka. Kwa maziwa, mpira au nitraili. Kwa mafuta na kwa dawa za magugu, nitraili nene. Kwa miiba na utomvu pamoja, nitraili ndani ya ngozi. Na kwa mtu wa Berega mwenye fedha ya jozi moja tu, hukumu yangu ni nitraili nene iliyochovywa mkono mzima, ifikayo karibu na kiwiko, ya kipimo chake mwenyewe.

Aongeze na jambo lisilouzwa dukani. Upupu una sindano katika ganda lake lililokomaa, na ganda hilo halipo wakati wa masika: anayeung'oa ukiwa mchanga, shina likivutika kwa jembe moja, hukutana na mmea usioweza kumdhuru, na anayeungojea mpaka kiangazi hukutana nao akiwa tayari amekwisha kushindwa nusu ya vita. Kadhalika gugu karoti hung'olewa kabla halijatoa ua. Kwa yaliyobaki, ambayo hayangoji majira, ipo glavu. Nawe msomaji, kabla ya kushika panga kesho asubuhi, ijaze maji glavu yako ya mwaka jana, uifinye mdomo, na kuitazama kidole kwa kidole. Ikitoa hata tone moja, isikusindikize.